Ampli ya gari imenyamaza: pima kwanza, mbele ya kuita fundi

Ilikuwa siku ya chanjo ya watoto. Gari yetu ya matangazo ilikuwa inashuka kuelekea Essence na Panzi, pa Bukavu, pembe mbili za sauti zimefungwa juu yake. Mara sauti ikakatika. Dereva akasimamisha gari, akapiga ampli makofi mawili, sauti ikarudi dakika moja, kisha ikanyamaza kabisa. Fundi mwenye tulimukuta kando ya barabara alifungua kifuniko, akanusa, akasema: «Patro, hii imeungua. Mutafute ingine tu.» Akalipwa pesa yake ya kuangalia, akaenda.

Jioni mwenzetu moja akaleta multimetri. Ampli ilikuwa nzima. Bolti yenye ilikuwa inafunga waya ya mase chini ya kiti ilikuwa imejaa kutu. Kuikwaruza kwa kisu na kuikaza kulichukua dakika kumi. Lakini mitaa tatu haikusikia tangazo siku ile, na mama mwenye hakusikia hakuleta mutoto.

Tangu siku ile, kila mara mutu anatuambia ampli yake imekufa, tunamuuliza kwanza: umepima nini? Mara mingi jibu ni hakuna. Ampli nyingi zenye zinauzwa kama vyuma vya zamani ziko nzima; ugonjwa uko inje, ku waya, ku fizible, ku mase ao ku bafle. Na ugonjwa wa inje unaweza kuupata wewe mwenyewe, bila kufungua kifuniko.

Tunaandika hii kwa madereva wa taksi-bisi na kwa kila mwenye gari, lakini siyo kwa wao tu. Huku kwetu ampli ya gari imeshahama mu gari. Utaikuta kanisani mu kijiji fasi umeme haufiki, imefungwa ku batri na pano ya jua. Utaikuta ku nganda, ku kilio, ku arusi. Ugonjwa wake ni ule ule.

Waya tatu zenye zinaipa uzima

Angalia upande wa ampli wenye waya nene zinaingia. Utaona maandishi matatu. B+ (ao +12V) ni waya yenye inatoka moja kwa moja ku batri. GND ni mase, yenye inafungwa ku chuma ya gari. REM ni waya nyembamba yenye inatoka ku radio. Kazi yake ni kuiambia ampli «amuka» wakati unawasha radio, na «lala» wakati unaizima. Radio nyingi zinatoa waya ile na rangi ya bulu yenye musitari mweupe.

Moja ikikosa kati ya hizi tatu, ampli haiwaki. Haijalishi ni ya bei gani.

Kwa kupima, unahitaji multimetri. Ile ndogo ya njano yenye wanauza ku soko inatosha kabisa. Iweke ku volti za batri (ile alama ya V na musitari wa kunyooka), ku namba 20. Mutu mwenye hana multimetri anaweza kutumia balbu ndogo ya gari na waya mbili: ikiwaka vizuri, umeme uko. Lakini balbu usiiweke ku REM! Waya ile inatoa umeme kidogo sana, na balbu inaweza kuharibu radio yenyewe. Ku REM ni multimetri tu.

Sasa washa radio, angalia taa ndogo ya ampli. Hapo ndipo njia zinaachana. Taa haiwaki kabisa: tafuta ku umeme. Taa nyekundu, ao ile yenye imeandikwa PROTECT: ampli inajikinga na kitu fulani. Taa nzuri, ya kijani ao ya bulu, lakini sauti hakuna: tafuta ku radio, ku waya za sauti na ku bafle. Watu wengi wanapoteza siku nzima sababu hawakuangalia taa hii.

Taa haiwaki

Anza ku batri yenyewe. Batri yenye imejaa, gari imezimwa, inaonyesha karibu volti 12,6. Moteri ikizunguka, alternateri inapandisha mpaka kati ya 13,8 na 14,4. Ukikuta 11 na kitu, batri iko na njaa. Ampli nyingi zinajizima zenyewe wakati umeme unashuka karibu na 10 ao 11. Kwa kanisa yenye inatumia pano ya jua, hii njo sababu ya kwanza: kwaya inaimba vizuri saa mbili za asubuhi, ku mahubiri ampli inakatika. Batri imechoka, ampli haina kosa.

Batri ikiwa nzuri, nenda ku ampli. Weka sindano nyeusi ya multimetri ku GND na nyekundu ku B+. Ukipata volti sawa na za batri, upande ule uko sawa. Ukipata sifuri, usiseme haraka kwamba waya nyekundu imekatika. Toa sindano nyeusi ku GND, igusishe ku chuma safi ya gari, fasi haina rangi. Volti zikirudi, basi waya nyekundu haina kosa. Ni mase yenye imekatika.

Na mase iko na ujanja wake, njo ilitudanganya siku ya chanjo. Mase yenye kutu inaweza kuonyesha volti 12 bila shida wakati ampli imelala. Ampli ikianza kuvuta, inaanguka. Hesabu yake ni hii: kutu kidogo tu, yenye inazuia sehemu moja ya kumi ya omu moja, ampli ikivuta ampere 20, volti 2 zote zinapotelea pale. Batri iko na 12,5 lakini ampli inaona 10,5. Inakatika, ikisha kukatika haivuti tena, volti zinarudi, inawaka tena. Ndiyo ile «inakatika-inarudi» yenye watu wanafikiri ni ampli.

Kwa hiyo pima mase wakati muziki unapiga kwa nguvu. Sindano moja ku kichwa cha batri cha kutoa (–), ingine ku GND ya ampli. Kama mase ni nzuri, namba itakuwa ndogo sana. Ikipita nusu ya volti moja, kuna fasi yenye inazuia. Fungua bolti, kwaruza rangi na kutu mpaka chuma inangaa, kaza tena kwa nguvu, pakaa grisi kidogo juu ili mvua isirudi kula. Usifunge mase ku bolti ya mukaba wa usalama, wala ku visi ndogo ya plastiki ya ndani. Na waya ya mase iwe nene sawa na ile nyekundu. Wengi wanaweka nyekundu nene, nyeusi nyembamba kama ya taa ya nyumba, sababu «mase ni mase tu». Umeme wenye unaingia njo ule ule wenye unatoka.

Neno moja juu ya waya za soko. Nyingi zinaonekana nene na nyekundu ya shaba, lakini ndani ni aliminyumu yenye imepakwa shaba juu tu. Ikwaruze kwa kisu: ikikuwa nyeupe ndani, siyo shaba safi. Inaweza kufanya kazi, lakini inapitisha umeme kidogo kuliko shaba ya unene ule ule, na ku vibanio inalegea upesi. Chukua ya nene zaidi.

REM, na ile ampli yenye inapenda radio tu

Kama B+ na GND ziko sawa na taa haiwaki, pima REM: sindano nyeusi ku GND, nyekundu ku REM, radio ikiwa imewashwa. Inapaswa kuonyesha karibu volti 12. Ukipata sifuri, kuna jaribio la haraka: chukua kipande cha waya, gusisha B+ na REM kwa muda mufupi. Ampli ikiamuka, iko nzima, na kosa liko ku radio ao ku waya nyembamba yenye inapita chini ya zulia. Mara mingi waya ile imebanwa na kiti ao imekatwa na chuma ya mulango.

Wengine wanaacha kile kipande cha waya pale, kisha wanafurahi. Asubuhi gari haiwaki, maana ampli haikulala usiku mzima, imekula batri. Kama radio haiwezi kutoa REM tena, funga REM ku waya yenye inapata umeme wakati wa kontakti tu, na uweke fizible ndogo ya ampere 1 ao 2 kati yake.

Kuna ugonjwa moja wenye unachekesha, na sisi watu wa radio tunaupenda. Dereva anasema: «Ampli yangu inaimba ku radio tu. Nikiweka fulashi, inanyamaza.» Siyo uchawi. Fundi alifunga REM ku waya ya anteni, ile ya bulu bila musitari, yenye kazi yake ni kupandisha anteni ya umeme. Ku radio mingi, waya ile inapata umeme wakati unasikiliza stesheni tu. Ukihamia ku fulashi ao ku simu, radio inaona anteni haina kazi tena, inaikatia umeme, na ampli inalala nayo. Hamisha REM ku waya ya bulu yenye musitari mweupe, kesi imekwisha. (Ukipenda, acha vile, usikilize radio tu. Tunacheka.)

Fizible: hapa usicheze

Ampli nyingi ziko na fizible mbili: moja karibu na batri, ingine ku mwili wa ampli. Usiamini macho. Fizible inaweza kuonekana nzima na kumbe imepasuka ndani. Pima volti ku pande zake mbili: upande moja uko na 12 na mwingine hauna, imekatika.

Rangi yake inaonyesha nguvu. Ku fizible za kawaida zenye miguu miwili ya kubapa, nyekundu ni ampere 10, bulu 15, njano 20, ile nyeupe yenye unaona ndani ni 25, kijani 30. Iliyokatika ilikuwa 25? Weka 25. Siyo 30, siyo 40, na kamwe siyo karatasi ya ndani ya sigara, wala waya ya shaba yenye umezungusha, wala musumari. Tumeona vyote hivyo ku magari yenye yanabeba watu.

Watu wanafikiri fizible inalinda ampli. Ile ya karibu na batri kazi yake kubwa ni kulinda waya. Waya ile nyekundu inatoka mbele ya gari, inapita ku tundu la chuma, chini ya zulia, chini ya viti vya abiria, mpaka nyuma. Siku chuma inakula ngozi yake na inagusa mwili wa gari, batri inatoa mamia ya ampere. Kama fizible iko, inakatika mara moja na hakuna mutu anajua. Kama umeweka waya fasi ya fizible, waya yote inakuwa nyekundu kama makaa chini ya zulia. Ku Hiace yenye imejaa watu na mulango moja wa pembeni, usiombe kuona vile. Kwa wale wenye batri na ampli ndani ya nyumba ya mbao, kama nyumba nyingi za Goma, ni hatari ile ile, na usiku mumelala.

Kwa hiyo fizible ya waya kubwa iwe karibu na batri yenyewe, isipite urefu wa mukono, kutoka kidole mpaka kiwiko. Ukiiweka nyuma karibu na ampli peke yake, mita nne za waya mbele yake hazina mulinzi. Na fasi waya inapita ku tundu la chuma, weka kipande cha mupira ao cha tiyo ya zamani.

Umeweka fizible mpya ya nguvu ile ile, nayo imekatika papo hapo. Usiweke ya tatu. Toa waya B+ ku ampli, funga mwisho wake na skochi usiguse chuma, weka fizible. Ikikatika tena hata bila ampli, waya imegusa mwili wa gari fasi fulani. Ifuate kwa mukono kutoka mbele mpaka nyuma. Isipokatika, shida iko ku ampli ao kisha yake.

Hapo kuna njia ya mafundi wazuri, yenye inaokoa fizible nyingi. Chukua balbu ya taa kubwa ya mbele ya gari, ile ya wati 55. Ifunge fasi ya fizible, umeme upite ndani yake kwanza. Toa waya zote za bafle na za sauti ku ampli, acha zile tatu tu. Washa. Balbu ikiwaka kidogo, kisha ikafifia, ampli haina kosa kubwa ya umeme. Balbu ikibaki inawaka kwa nguvu kama ya barabarani, ndani ya ampli kuna kitu kimegusana, mara mingi ni tranzista za umeme. Hapo sasa ni kazi ya fundi. Na kama mutu alikuwa amegeuza + na – ku batri (inafanyikaka sana wakati wa kubadilisha batri usiku), ampli nyingi ziko na diode yenye inajitoa sadaka kwa kesi kama ile. Inaungua yenyewe ili zingine zipone, na kuibadilisha ni bei ndogo.

Taa nyekundu

Taa nyekundu haisemi ampli imekufa. Inasema: «nimeona kitu kibaya, nimejifunga.» Kazi yako ni kupata kile kitu.

Iguse kwanza. Kama iko moto hata mukono hauvumilii, izime, ngojea nusu saa. Ampli chini ya zulia, ao kati ya mifuko ya mizigo, haipumui; pa Uvira na joto ya kule, hata isipopiga kwa nguvu itajifunga. Ihamishe fasi yenye upepo, na mara moja moja pangusa vumbi yenye imejaa kati ya yale mabawa yake ya chuma. Vumbi nyeusi ya Goma inaingia kila fasi.

Kama haina joto, izime, toa waya zote za bafle, washa. Taa nyekundu imetoka? Basi kosa liko ku bafle ao ku waya zake. Zirudishe moja moja, ukizima kila mara, mpaka ile yenye inaleta nyekundu ijitaje. Waya za bafle zenye zinapita ku milango zinakunjwa kila siku mara mia, ngozi inakatika, shaba inagusa chuma. Ku ampli nyingi hata waya ya – ya bafle haipashwi kugusa chuma ya gari. Siyo mase, hata ikikuwa nyeusi.

Pima bafle yenyewe, ikiwa imetolewa, na multimetri ku omu. Bafle ya omu 4 inaonyesha karibu 3,2 mpaka 3,8. Hiyo ni kawaida. Ikionyesha 0,5, waya ya ndani imeyeyuka na kugusana. Isipoonyesha kitu, imekatika, lakini hiyo haileti taa nyekundu, inaleta kimya.

Kosa lenye tunaliona mara mingi ku nganda na ku arusi ni kuongeza bafle bila hesabu. Bafle mbili za omu 4 ukizifunga pamoja, + na +, – na –, zinakuwa omu 2. Nne zinakuwa omu 1. Ampli nyingi za chaneli mbili zinavumilia omu 2 kwa kila chaneli, lakini ukiunganisha chaneli zote mbili ku bafle moja kubwa, hazitaki chini ya 4. Soma maandishi ku mwili wake. Mutu anaongeza bafle ili sauti ikuwe, ampli inavuta umeme mara mbili, inajifunga katikati ya wimbo, wageni wanapiga kelele, naye anasema ampli ni ya uongo.

Na kama umetoa bafle zote na waya zote za sauti, zimebaki tatu za umeme tu, na bado iko nyekundu? Hapo ndiyo. Ugonjwa uko ndani.

Taa nzuri, sauti hakuna

Hapa usiogope, mara mingi ni kitu kidogo. Chukua simu na kile kiwaya chenye kiko na pini ya simu upande moja na fishi mbili za RCA upande mwingine. Toa fishi za radio ku ampli, ingiza za simu, punguza sauti ya simu mpaka chini, kisha pandisha polepole. Sauti ikitoka, ampli na bafle ziko nzima. Kosa liko ku radio ao ku waya za RCA. Isipotoka, geukia bafle: toa waya za bafle ku ampli, chukua pile ya volti 1,5 ya redio ndogo, gusisha waya kidogo. Bafle nzima inafanya «kra» na karatasi yake inasogea. Kama haifanyi kitu, ugonjwa uko kati ya pale na bafle.

Angalia pia vile vitufe vidogo vya HPF na LPF ku ampli. LPF inaruhusu sauti nzito tu. Mutoto akikisogeza kitufe, na wewe umefunga pembe za matangazo, zenye haziwezi sauti nzito, utasikia karibu hakuna. Tulishapoteza saa nzima ku jambo hili, na hatuna haya kulisema.

Kama sauti inakuja ukigusa fishi, na inaenda ukiiacha, tundu la RCA limeachana na plake ya ndani. Barabara zetu zinatingisha sana. Ni kusude nukta mbili, fundi wa kweli anamaliza mara moja.

Na kama kuna sauti ya «wiiii» yenye inapanda na moteri, ampli haina shida. Waya za RCA zimepita pamoja na waya nene ya batri, ao mase ya radio na ya ampli haziko sawa. Pitisha RCA upande moja wa gari, waya ya batri upande mwingine, na urudie mase.

Fuso, na ampli yenye iliingia maji

Wenye malori wasikilize vizuri. Fuso nyingi ziko na batri mbili, jumla volti 24. Ampli ya volti 12 ukiifunga pale, inakufa siku moja. Wengine wanakwepa kwa kuchukua umeme ku batri moja tu kati ya mbili. Sauti inatoka, lakini batri ile inachoka mbele ya mwenzake, na ile ingine inajazwa kupita kipimo. Kisha miezi kidogo umeua zote mbili. Nunua kile kifaa chenye kinashusha 24 mpaka 12, chenye ampere za kutosha ampli yako.

Ampli yenye iliingia maji, kama zile za magari ya Uvira wakati wa mafuriko ya Aprili 2020, usiijaribu «kuona kama bado inaimba». Maji ya mafuriko na matope vinapitisha umeme, na ile dakika ya kujaribu njo inaua. Toa mase ya batri, toa ampli, ioshe na maji safi kama matope yaliingia, iache ifunguliwe ikauke siku kadhaa fasi ya upepo, ndiyo ujaribu na balbu ya wati 55 kama tulivyoeleza.

Ukifika kwa fundi

Umepima yote, na ugonjwa uko ndani. Sasa peleka, lakini uende na maneno: «B+ iko na 12,6, REM iko, bafle zimetolewa, bado iko nyekundu.» Fundi akisikia vile, anajua hawezi kukuuzia hadithi ya fizible.

Ndani, mara mingi ni tranzista. Kundi moja linasaidia transfo kupandisha volti 12, lingine linasukuma bafle. Zimefungwa kwa musitari, nne, sita, nane, zinafanya kazi pamoja. Moja ikiungua, zenzake zimeshaumia. Fundi mwenye anabadilisha moja tu ili bei iwe ndogo, atakuona tena kisha wiki mbili. Mwambie abadilishe kundi lote, za namba moja, za duka moja. Omba akupe zile za zamani mukononi. Na umwangalie wakati anazirudisha: kati ya kila tranzista na chuma ya kupoza kunakuwa kale kakaratasi kembamba ka kuzuia umeme, na yale mafuta meupe ya kupitisha joto. Kakipotea, ao mafuta yakikauka na hayakurudishwa, tranzista mpya zitaungua wakati ule ule unafika nyumbani.

Mbele ya kulipa, ipige pale pale kwa fundi nusu saa, na bafle zako mwenyewe, kwa sauti yenye unatumiaka. Dakika mbili hazitoshi. Ampli yenye ugonjwa wa joto inaimba vizuri dakika kumi za kwanza.

Ile bolti ya gari yetu tuliipaka grisi, na tunaifungua kila mwanzo wa musimu wa mvua. Ampli ni ile ile yenye tuliambiwa tuitupe.